Kuoka Nyumbani Wakati wa Masika

Masika ya pwani huanza Machi, hushika kasi Aprili na Mei, kisha hukatika polepole Juni inapoingia. Ndicho kipindi ambacho kaskazi hutulia na kusi huanza kuvuma, mitumbwi huvutwa juu ya mchanga, na watu hujikuta ndani mchana kutwa. Mtu aliyefungiwa na mvua kwa siku kadhaa huishia kufanya jambo moja kati ya mawili: kupanga kabati upya au kuoka. Kabati likishapangwa limepangwa. Keki huliwa, na nafasi yake hubaki wazi. Ndiyo maana nyumba nyingi za kando ya bahari huoka sana katika majira yale yale ambayo hayafai hata kidogo kuokea kitu.

Nyumba yenyewe ina mchango wake. Katika miji ya kale ya Unguja, Mombasa na Lamu, kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mtu kuweza kujilaza dirishani. Wakati wa jua kuta hizo ni neema kwa kuwa hupoza vyumba. Masika huzinywesha maji, chokaa huvimba, na vipande vyake huanza kubanduka kimoja kimoja, hasa juu ya meza ambayo mtu ameacha bakuli la unga bila kulifunika. Kipande cha chokaa ndani ya unga mweupe hakionekani kwa jicho. Hugunduliwa baadaye, kwa jino. Nyumba za matofali ya saruji hazina tatizo hilo. Zina lake, kwa sababu chumvi inayopeperushwa kutoka baharini hula nondo, hula bawaba za madirisha na, kabla ya vyote hivyo, hula mlango wa oveni. Oveni ya kando ya bahari iliyotimiza miaka michache haifungwi kwa komeo, huegemezwa kiti. Trei zake hutoa biskuti zenye madoa ya kahawia upande wa chini, ambayo mwenye nyumba huwaeleza wageni kuwa ni mdalasini.

Ila mkosaji mkubwa ni hewa. Asubuhi nyingi za Aprili unyevu wa hewa ufukweni hupita asilimia 80, na kila kilichomo kabatini hupata habari. Chumvi safi huanza kuvuta maji na kuyeyuka unyevu unapofika asilimia 75 hivi. Sukari huvumilia hadi karibu asilimia 85. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoeleza kwa nini mwanzoni mwa mvua chumvi imekwisha kuwa tope na sukari bado inamwagika, na kwa nini baadaye zote mbili hutolewa koponi kwa kisu. Chumvi ya hapa hapa, ile inayokaushwa kwenye mabwawa ya kando ya bahari, ikiwa haikusafishwa sana huwa na magnesi ndani yake, nayo hulowa mapema zaidi. Wazee hutia punje za mchele ndani ya kopo la chumvi ili zinyonye maji. Dawa hiyo husaidia kwa kiasi chake, mpaka siku kopo linapochukuliwa na mtu mwenye haraka, na keki ikaja mezani ikiwa na wali.

Unyevu huo huo hubandua karatasi za majina zilizogandishwa kwenye makopo. Hapo ndipo inapozaliwa keki ya chumvi, ambayo karibu kila ukoo wa pwani una simulizi yake. Makopo mawili ya Blue Band yaliyofanana husimama bega kwa bega, bila jina, kila moja na bonge jeupe ndani. Kuonja kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Hakuna anayeonja.

Unga wa ngano nao huvuta maji, ingawa kwa siri. Kitabu kikisema vikombe viwili vya unga kwa kikombe kimoja cha maziwa, unga wa masika tayari umekunywa sehemu yake kabla haujakaribishwa. Donge huwa laini, hunata vidoleni, mpikaji huongeza unga, huongeza tena, na simu huita wakati mikono yote miwili imezama hadi vifundoni. Afadhali kuzuia maziwa kidogo mwanzoni na kuyamalizia kadiri donge linavyodai. Ushauri huu umo vichwani mwa bibi wote na haumo katika pakiti yoyote ya unga. Kuna pia fukusi. Unga uliokaa tangu kiangazi huwa na wenyeji wake, na mjadala wa kama utupwe au uchekechwe umezigawa nyumba nyingi. Kwa kawaida huamuliwa na bei ya unga ya wiki hiyo.

Hamira na bekingi pauda hukosewa kwa namna tofauti kabisa. Hamira ni viumbe hai, vidogo mno, na pwani vinapapenda: hustawi katika joto la nyuzi 27 hadi 35, yaani joto la jiko la kawaida la Tanga kabla halijawashwa chochote. Vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi huagiza donge lifunikwe na kuachwa mahali penye joto kwa saa moja na nusu. Mpikaji wa pwani anayetii agizo hilo neno kwa neno hurudi akakuta donge limevuka ukingo wa bakuli, limeshuka mguu wa meza na linatafuta mlango. Linanuka pombe kidogo, jambo linalohitaji maelezo ya haraka ikiwa mama mkwe yupo. Mwingine, kwa kuogopa kuchelewa, hukoroga hamira kwa maji yaliyotoka kuchemka. Kwenye nyuzi 60 hivi hamira hufa, na donge hukaa pale pale hata likingojwa hadi magharibi.

Bekingi pauda haina uhai wa kupoteza, lakini ina subira ndogo. Ilitengenezwa mwaka 1843 na Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, kwa ajili ya mkewe ambaye mwili wake ulikataa hamira. Ndani yake mna magadi, asidi kavu na wanga wa kuvitenganisha. Vikipata maji hutoa gesi, na gesi ndiyo inayoinua keki. Bird alifikiria maji ya bakulini. Hakufikiria Mombasa ya mwezi wa Mei, ambako kopo likiachwa na kifuniko kilicholegea, pauda hukutana na maji hewani, hutoa gesi yake polepole usiku na mchana, na kinachoumuka ni kabati. Kuna njia rahisi ya kuipima: kijiko kidogo kwenye maji ya moto, ikifoka povu bado nzima. Kipimo hiki hufanywa baada ya keki kushindwa, ili ijulikane nani alaumiwe.

Mpikaji aliyehamia Mombasa kutoka Nairobi ana shida ya ziada. Kule, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na gesi hutanuka kwa urahisi, hivyo amezoea kutia pauda kidogo. Akishuka pwani na kipimo kile kile, keki hubaki imelala. Majirani watasema ni mtu wa bara, na kwa mara moja watakuwa wamesema kweli ya kisayansi.

Agizo jingine la vitabu limeleta hasara kuliko yote: siagi iwe na joto la chumbani. Aliyeliandika alikuwa na chumba cha nyuzi 20, ambamo siagi hulainika bila kuyeyuka na, ikipigwa pamoja na sukari, hushika hewa. Chumba cha pwani kina nyuzi 29 au 30 hata mvua inaponyesha. Siagi humo hugeuka mafuta. Sukari huzama chini, mafuta huelea juu, na mtu hupiga kwa mwiko nusu saa nzima akingoja weupe usiokuja. Wajuzi huitoa siagi kwenye friji na kuipiga ingali ngumu kiasi. Wazo ni zuri, isipokuwa friji ya nyumba ya kando ya bahari ina ngisi, ina pweza, ina mchuzi wa jana, na mafuta ya kila aina hunyonya harufu. Kabatini si salama zaidi. Kusi likichafua bahari, mitumbwi midogo haitoki kila siku, kwa hiyo akiba ya ng'onda na papa mkavu hukaa karibu, pengine rafu moja na sukari ya unga. Keki ya vanila iliyonusa papa haina tiba. Iliki huongezwa, halafu huongezwa tena, na mwisho wake ni keki ya papa yenye iliki nyingi.

Kuhusu mayai, kitabu husema manne bila kusema ya nani. Yai la kuku wa kienyeji lina gramu 40 hivi, la kuku wa kisasa hukaribia 60. Manne ya kwanza hayafiki matatu ya pili, na keki hulipa tofauti hiyo kwa kuwa kavu. La kienyeji lina jambo jingine, kwamba huokotwa popote kuku alipoona panafaa, wakati alipoona panafaa, na si lazima mtu awe amelifikia siku hiyo hiyo. Yai zima likitiwa katika bakuli la maji hulala chini, lililochakaa husimama, bovu huelea. Asiyetaka kupima kwa maji hana budi kuvunjia kila yai kwenye kikombe peke yake kabla ya kulimwaga. Ni kazi ya kuchosha, na mayai mawili ya mwanzo yakitoka mazima mtu huiacha. Bovu huwa la mwisho. Lingekuwa la kwanza, hasara ingekuwa yai moja. Likiwa la mwisho, hasara ni siagi, sukari, mayai mengine yote na amani ya nyumba.

Nazi nazo hutaka tahadhari ile ile, na zaidi. Tui la kwanza likishakamuliwa kwenye kifumbu huchacha upesi katika joto hilo, na aliyekuna nazi asubuhi ili aoke alasiri amejitengenezea kitu chenye ukali wa maziwa yaliyoganda.

Sasa moto. Mvua yenye radi ikianza, umeme huondoka, na huondoka keki ikiwa nusu. Wakati huo mayai na wanga bado havijashikana kutengeneza kuta za kushikilia gesi. Joto likipungua gesi hujikunja, na katikati ya keki hutokea bonde. Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na wakazi wake hawahitaji kuelezwa maana ya kukatika: mwaka 2008 walikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 wakakaa tena kwa miezi mitatu hivi. Waliopitia vipindi hivyo hawakutupa majiko yao ya mkaa, na kuwashauri wayatupe ni kupoteza muda.

Gesi ingeonekana kuwa suluhisho. Lakini mtungi wa kilo 6 hauna alama ya kuonyesha kilichobaki ndani. Una tabia tu. Hauishi wakati maji ya chai yanachemka. Hauishi wakati wa kukaanga samaki wa mtu mmoja. Husubiri keki ya watu ishirini, Jumapili jioni, mvua ikiwa imefunga njia ya dukani. Mwenye nyumba huutikisa, huulaza ubavu, huumwagia maji ya moto kiunoni, jambo ambalo wataalamu hulikataza, na mwali hurudi kwa dakika chache za kuaga.

Hubaki mkaa, na kuoka kwa mkaa ni fani inayostahili heshima kuliko inayopewa. Sufuria hutengwa juu ya jiko lenye makaa machache, hufunikwa kwa sinia au bati, na juu ya bati hupaliwa makaa mengi zaidi, kwa kuwa joto la chini hupanda lenyewe na la juu linahitaji kusaidiwa kushuka. Wengine hutandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa na kuweka chombo cha keki juu yake ili moto usambae sawasawa. Mchanga huo sharti uwe umeoshwa na kukaushwa. Uliotekwa ufukweni asubuhi ile ile, ukipata moto, hutoa harufu ya mwani na kombe, na keki hujulikana imetoka wapi bila kuulizwa.

Masika huisumbua fani hii kila upande. Mkaa umelowa ndani ya gunia, njiti za kiberiti zimelowa ndani ya kasha lake, na mtu aliyekwisha kata tamaa humimina mafuta ya taa, ambayo huonekana kuwaka yote na hubaki kidogo katika ladha. Kisha upepo. Uani ni wazi, kusi hupenya, na makaa ya upande mmoja huwa mekundu wakati ya upande wa pili yamelala chini ya majivu. Keki huumuka upande uliopepewa, huungua upande huo huo, na hubaki mbichi kwa mwenzake. Ikikatwa, baharia mzoefu anaweza kuitazama na kutaja upepo ulitoka wapi. Dawa ni kuigeuza sufuria robo mzunguko kila baada ya muda, na dawa hiyo ina ajali yake, kwa kuwa bati la juu lenye makaa huteleza.

Lakini adui mkubwa wa moto wa juu si upepo wala mvua. Ni swali. “Mama, bado?” huuliza mtoto, na kabla jibu halijafika, bati limeinuliwa kwa koleo na mtu mwingine, mara nyingi shangazi aliyekuja kusalimia, ambaye naye anataka kuona tu. Hewa baridi huingia na keki hunywea. Bati likiinama kidogo, majivu hushuka. Majivu madogo hayadhuru na hata hayaonekani kwenye keki ya tende. Kaa zima, jekundu, likidumbukia katikati ya keki isiyoshikana hutoa mlio, hutoboa, na huzama. Hufuatwa kwa kijiko, na shimo lililobaki huzibwa kwa jamu. Shangazi hupewa kipande hicho.

Mkate wa ufuta ndio wenye ajali nzuri kuliko zote. Donge lake ni laini, limekandwa kwa tui, na hutandazwa kwa mkono uliolowa juu ya kikaango cha moto kisichopakwa mafuta, kisha hunyunyiziwa ufuta. Chini ukishaiva, mkate haugeuzwi. Kinachogeuzwa ni kikaango: hupinduliwa mzima juu ya makaa, mkate ukitazama chini, uso wake ukaangwe na moto wenyewe. Kinachouzuia mkate usianguke ni kwamba umegandia kikaango, na hiyo ndiyo siri ya wapishi wa Unguja kutaka kikaango cha udongo au cha chuma kilichozoea kazi. Halafu vikaingia sokoni vikaango vyeusi vinavyosifiwa kwamba hakuna kitu kinachogandia. Sifa hiyo ni ya kweli. Bibi arusi mwenye seti mpya hutandaza mkate vizuri, hunyunyiza ufuta vizuri, hupindua kikaango kwa ujasiri mbele ya wakwe, na hubaki ameshika kikaango kisafi kabisa. Mkate uko jikoni, kifudifudi, unawaka.

Inafaa kusema kwamba si kila kitu hushindwa masika, na orodha ya visivyoshindwa inafundisha. Mkate wa sinia, ambao Zanzibar wengi huuita mkate wa kumimina, huanza na mchele uliolowekwa usiku kucha na kusagwa na tui, sukari, iliki na hamira. Ni uji tangu mwanzo; unyevu wa hewa hauwezi kuuongezea kitu. Joto la pwani huuumua bila kubembelezwa, na makaa ya juu huupa rangi. Vibibi, vitumbua na mikate ya mayai huvumilia pia. Vyakula hivi vilitungwa na watu walioijua hewa yao. Kinachoumbuka ni biskuti, kitu cha nchi kavu ambacho uzuri wake wote ni kukatika kwa sauti. Biskuti iliyotoka motoni asubuhi hukatika kwa sauti mpaka adhuhuri. Alasiri hupindika. Kesho yake huweza kukunjwa. Nankatai, kwa kuwa ina samli nyingi na haijidai kuwa ngumu, hustahimili zaidi, na mtu anayeoka biskuti nyembamba mwezi wa Aprili bila kuwa na kopo linalofunga vizuri amechagua mwenyewe.

Kinachotoka salama motoni bado hakijafika mezani. Keki hutaka kupozwa, na mahali penye upepo ni dirishani. Kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa nia ya kupunguza takataka za mji. Walienea pwani nzima, na hawakuona sababu ya kubaki na takataka peke yake. Kunguru hachukui keki nzima, huchukua katikati. Wavu wa waya humzuia, lakini wavu wa kando ya bahari una kutu na tundu, na kunguru huijua tundu hiyo kabla ya mwenye nyumba. Ndani kuna sisimizi, ambao mvua ikijaza mashimo yao huhamia majumbani kwa safu. Njia ya zamani ni kusimamisha miguu ya meza ndani ya vikopo vya maji. Haina dosari yoyote, mpaka mtu atakapopamba meza kwa kitambaa kinachogusa sakafu.

Juu ya yote hayo kuna mwezi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi hurudi nyuma mwaka hadi mwaka. Ile ya Mfunguo Mosi iliangukia katikati ya Mei mwaka 2021, tarehe 10 Aprili mwaka 2024, na mwisho wa Machi mwaka 2025. Yote hayo ni masika. Maana yake ni kwamba kwa miaka mitano mfululizo watu walipanda darini kutafuta mwezi mwandamo katika anga iliyofunikwa na mawingu mazito ya mvua. Nyumba yenye haraka huoka jioni ya mwezi ishirini na tisa. Mwezi usipoonekana, keki hukaa siku nzima mbele ya watu waliofunga, na ulinzi wake huwa kazi ya kudumu. Nyumba yenye subira husema itaoka kesho. Saa tatu usiku hutangazwa kwamba mwezi umeonekana mahali fulani, na mtaa mzima huwasha majiko kwa pamoja. Sukari humalizika dukani kabla ya saa nne. Katika baadhi ya mitaa trei hupelekwa kwa mwenye tanuri la mikate, zikapangwa foleni na za watu wengine. Trei hazina majina, na asubuhi ya Idi biskuti zenye njugu hupatikana katika nyumba ambayo haijanunua njugu. Ikiwa mtaa umegawanyika kuhusu mwezi, kama inavyotokea, wanaosali leo hula keki mbele ya wanaofunga leo, na wote hutabasamu kwa taabu.

Keki ikiharibika haitupwi. Hubadilishwa jina. Iliyozama katikati huwa pudini, na bonde lake hujazwa maziwa ya kuchemshwa na zabibu. Iliyoungua juu hukatwa kichwa na kupakwa jamu ya embe. Iliyo mbichi katikati hutolewa katikati yake ikawa ya mduara, na wageni husifu chombo. Iliyokataa kuumuka kabisa hukatwa vipande vidogo, hukaushwa, na huwa ya kuchovya kwenye chai. Ya chumvi pekee ndiyo haina jina jingine, nayo huwaendea kuku, ambao huitazama kwanza.

Wala haiwezekani kuficha. Harufu ya keki huvuka ukuta, na jirani aliyeisikia ana haki yake. “Shoga, leo mwaoka nini?” huulizwa dirishani, na hakuna jibu linaloweza kuepusha sahani. Sahani hupelekwa imefunikwa kwa kawa au kitambaa, hupokewa kwa mashallah, na kwa adabu ya pwani hairudishwi tupu. Jirani naye ameoka, naye ana fukusi wake, chokaa yake na mtungi wake wa gesi. Hivyo keki mbovu za mtaa huzunguka kutoka nyumba hadi nyumba msimu mzima, kila moja ikisifiwa, na vyombo vilivyozibeba husahaulika kwa watu. Kufikia Juni mvua zimekatika, chumvi imekauka, sukari inamwagika tena, na mwenye nyumba anayetaka hatimaye kuoka keki iliyonyooka hana sinia hata moja. Mwenye sinia la mwenzake, tafadhali, alirudishe. Na asilirudishe tupu.